Dawa za TB ni bure, mbona mtafiti anaulizia nauli na supu?

Mama Viazi, Ilembo
Wadau, salaam. Mume wangu yuko mwezi wa tatu wa dawa za TB. Juzi kliniki tulimkuta binti wa utafiti na kishikwambi chake, akatusomea fomu ya ridhaa, tukasaini. Nikajua ataulizia kikohozi, makohozi na watoto. Hayo aliyamaliza fasta. Muda wote uliobaki ni hela tu: nauli mlilipa ngapi, mkisubiri mlikula nini, siku hiyo nani alibaki shamba. Nikamwambia tulikunywa supu ya utumbo, akauliza ya shilingi ngapi! Mwisho akauliza kama tuliuza kitu. Nikasema nguruwe, 180,000. Akaandika, ila nilipochungulia, jumla ilikuwa ileile. Sasa supu yangu inamsaidia nini? Na nguruwe wangu kaenda wapi?

Chuma cha Mwanjelwa
Dada umeliwa. Wanaandika supu yako, wao posho inakwenda kwenye kitimoto. Ungemdai hata soda.

Mchimbaji, Makongolosi
Usimsikilize huyo. Mimi nimemaliza miezi yangu sita. Mwezi wa kwanza nilitaka kuacha, mkojo ulikuwa rangi ya soda ya chungwa nikajua figo zimekwisha, nesi akanicheka, kumbe ni dawa. Dawa sikulipia hata mia. Lakini shimoni sikushuka miezi minne, na huku ukiwa hujashuka huna mgao. Mwambie shemeji asiache kumeza.

Mdodosaji Mstaafu
Mama, nimefanya kazi hiyo ya binti kwa misimu miwili, Rungwe na Mbeya Vijijini. Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake: gharama zote za kuugua TB, tangu kikohozi kilipoanza, zikifika asilimia 20 ya kipato cha kaya kwa mwaka, kaya hiyo inahesabiwa imepata pigo. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 2020 isibaki hata kaya moja ya namna hiyo. Halikufikiwa. Sasa utaijuaje hiyo asilimia bila kuuliza supu?

Swali gumu ni kipato. Ukimuuliza mkulima wa Umalila anapata ngapi kwa mwezi, atakuambia "sina mshahara", na ukiandika sifuri umeharibu kazi. Mimi nilijifunza kuuliza magunia. Nipe yako: mlivuna mangapi, na mlitumia nini mpaka majibu ya TB yakatoka?

Mama Viazi, Ilembo
Gunia 40, tukauza 60,000 kila moja. Mbolea, mbegu na dawa ya ukungu vilikula 900,000. Kabla ya kipimo tulishuka mjini mara tano, watu wawili, nauli 5,000 kwenda na 5,000 kurudi kila mmoja. Chakula kama 5,000 kila safari. Dawa za kikohozi za dukani 42,000, picha ya kifua 20,000. Vibarua wa kuvuna badala ya mume wangu 130,000.

Mdodosaji Mstaafu
Haya. Kipato, tukitoa 900,000 ya shamba, ni 1,500,000, asilimia 20 yake ni 300,000. Nauli 100,000, chakula 25,000, duka na picha 62,000, vibarua 130,000. Jumla 317,000. Mmevuka, na kidonge hamjalipia hata kimoja.

Sasa angalia 187,000 imetoka wakati gani: kabla hamjajua ni TB. Mashine ya GeneXpert, ile ya kupima makohozi, inatoa jibu ndani ya saa mbili, nyinyi mmepanda gari mara tano. Majibu kama yako yakiwa mengi, mtafiti anaweza kupiga hesabu kwamba kumlipa bodaboda apeleke makohozi kutoka zahanati ni nafuu kuliko kuwasafirisha wagonjwa. Bila supu na nauli zenu hana cha kulinganisha.

Nguruwe hakupotea. Pesa yake ndiyo iliyolipa hizo nauli, akijumlisha vyote viwili amehesabu shilingi ileile mara mbili. Anaandikwa kwenye safu ya waliouza na waliokopa, pamoja na wale wa mikopo ya kausha damu. Safu hiyo inaonesha mlivyobanwa.

Chuma cha Mwanjelwa
Aisee. Soda naifuta.

Mama Viazi, Ilembo
Nimeelewa kaka, asante. Ila huyo nguruwe alikuwa na mimba. Mwaka juzi alizaa tisa.

Mdodosaji Mstaafu
Hao tisa hawana kisanduku kwenye fomu, mama. Kulikuwa na nafasi ya maoni chini kabisa, mimi vitu kama hivyo nilikuwa naandika pale. Mkirudi kuchukua dawa, mwambie binti aandike.