Kontroo boksi inachemka, naombeni msaada wakuu

Mtoto wa Rangi Tatu: Wakuu heshima kwenu. Nina kagari ka Kijapani ka 2003, kontroo boksi (ile kompyuta ya injini) iko nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Nikitoka Mbagala mchana na ile foleni, kama dakika 40 hivi gari inakosa nguvu, taa ya chekenjini inawaka, nikizima ikapoa inawaka freshi. Nimeshika boksi linaunguza. Nalipozaje?

Kidumu: Livulie shati mkuu

Mama Chapati: Ya kwangu ilinizimikia mlima Kitonga na watoto ndani, nikalala hapo mpaka asubuhi. Vijana mnapenda magari kabla ya kiwanja.

Spana 14: Boksi la ndani ya kebini huwa limetengenezwa kuvumilia joto mpaka kama nyuzi 85, jua la Mbagala peke yake halifiki huko. Kuna kitu umefunga karibu yake?

Mtoto wa Rangi Tatu: Hapana mkuu, iko kama ilivyotoka.

Spana 14: Hakuna kabisa?

Mtoto wa Rangi Tatu: Kuna amplifaya ya muziki tu, imekaa juu yake. Lakini ni ndogo, na fundi aliyeifunga anajua kazi. Halafu nishampa nusu ya hela anitoboe matundu kwenye boksi aweke feni ya kompyuta.

Spana 14: Usitoboe! Lile kava la bati ndilo linalotoa joto nje, ukitoboa unakaribisha vumbi na unyevu, bodi inaota kutu. Hamisha amplifaya. Halafu pima chaji injini ikiwa inawaka, iwe 13.8 mpaka 14.5, ikipita volti 15 olteneta, ile inayochaji betri, ndiyo inayokuulia boksi. Na mwambie fundi aangalie kapasita, vile vikopo vidogo kwenye bodi ya boksi, kwenye gari za zamani zinavuja zikipata moto.

Mtoto wa Rangi Tatu: Sasa muziki niuweke wapi, na hela nishatoa?

Kidumu: Muziki ndo ugonjwa wenyewe 😂

Jicho la Tatu: Ngojeni kwanza, chai hii. Huyu si ndiye mwezi uliopita alileta uzi wa nauli za boda zimepanda anachelewa kazini? Gari imezaliwa lini?

Mama Chapati: Ehee! Nilijua tu.

Mtoto wa Rangi Tatu: Sio chai wakuu. Gari ni ya shemeji, yuko safari kaniachia.

Spana 14: Na muziki alifunga yeye?

Mtoto wa Rangi Tatu: Anarudi Ijumaa.