Naomba ushauri: njia tambarare ya kukimbia kilomita 21, tuta la mfereji Doho au kando ya Nile Jinja?

Mpunga_Mbichi (mwanzisha uzi)
Ndugu zangu, habari za saa hizi. Niko Butaleja, mashariki mwa Uganda, nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilianza kukimbia mwaka jana kwa sababu ya presha na kitambi. Nakimbilia juu ya matuta ya mifereji ya skimu ya Doho, ile inayonyweshwa na Mto Manafwa. Natoka saa kumi na moja alfajiri, pametulia, wanawake wanatandika maturubai waanike mpunga, watoto wanafukuza ndege kwa kombeo za udongo, na njia ni tambarare kama meza.

Sasa wiki mbili hizi goti la kulia linaniuma. Likifika kilomita ya 6 au ya 7 ni kama mtu anachomeka msumari. Na nina kilomita 21 za kukimbia baada ya wiki tatu. Nimefikiria nihamie Jinja kwa siku kadhaa, nikimbie kando ya Nile. Wapi ni tambarare kabisa? Nataka mahali pasipo na mwinuko hata wa kiganja. Nisaidieni haraka, hata usingizi sipati.

Kando_ya_Njeru
Karibu Jinja, lakini nani kakudanganya kwamba huku ni tambarare? Mto uko bondeni, mji uko juu. Ukitaka maji unashuka, ukitaka chai unapanda. Wala usidhani kuna njia moja inayofuata ukingo mfululizo. Unakimbia dakika tano unakuta uzio wa hoteli, unazunguka unakuta mihogo ya mtu, ukitoka kwenye mihogo unakuta mbwa. Mimi natoka Njeru, ng'ambo ya mto, navuka lile daraja jipya la 2018, naingia mjini kwenye barabara za zamani zenye miti, narudi. Darajani usitoe simu kupiga picha, askari wa pale hawana utani. Na ukimaliza usiende kuosha miguu ziwani. Kichocho hakiulizi kama wewe ni mwanamichezo.

Damu_ya_Sebei
Mtu yuko saa chache kutoka Kapchorwa anatafuta tambarare 😂 Kiprotich aliyeleta dhahabu ya marathoni London 2012 alizaliwa milimani huku. Cheptegei, dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024, dakika 26 na sekunde 43, anapanda na kushuka huku huku. Kiplimo, mkimbiaji mwenzao, ni wa Bukwo, na Bukwo hata meza haisimami vizuri. Panda gari uje, hilo goti litapona kwa aibu.

Baridi_ya_Leicester
Nimesoma nikakumbuka nyumbani, nilikulia Mbale. Huku Uingereza niliko, kila mfereji una njia yake pembeni. Zamani mashua za mizigo zilivutwa na farasi, na farasi alitembea kando ya maji na kamba ndefu. Farasi waliondoka, njia zikabaki, sasa ni za wakimbiaji, baiskeli na walevi wa Ijumaa. Hapa Leicester mfereji umeungana na Mto Soar, unaweza kwenda hadi uchoke usione kilima. Mwinuko ni pale kwenye malango ya kupandishia mashua tu.

Lakini msidhani ni raha. Chini ya madaraja ya matofali njia inabana, unainamisha kichwa, halafu baiskeli inakuja. Na kuna mabata bukini. Mwaka juzi mmoja alikuwa na vifaranga, akanifukuza hatua kama mia mbili huku mabawa yamefunguka. Nilikimbia kilomita ile kwa kasi ambayo sijairudia. Mke wangu alinicheka hadi akakaa chini.

Mpunga_Mbichi
Asanteni, lakini sijajibiwa. Jinja siendi basi. Je, Mubuku kule Kasese? Nasikia nako kuna mifereji ya umwagiliaji.

Fundi_wa_Misuli
Ndugu Mpunga, acha kuzunguka nchi nzima. Nimefanya kazi ya kunyoosha viungo vya watu miaka tisa. Nijibu matatu. Goti linauma ndani, mbele, au ubavuni upande wa nje? Ukiwa tutani maji yako upande gani? Na hizo kilomita 21 ni za mashindano gani? Wiki tatu zijazo mimi sijui marathoni yoyote upande huo.

Mpunga_Mbichi
Upande wa nje. Maji yako kulia. Hiyo ya tatu ni jambo la kifamilia tu.

Fundi_wa_Misuli
Kulia wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi je?

Mpunga_Mbichi
Kulia pia. Naenda ukingo huu kilomita tatu na nusu, navuka kwenye lango la maji, narudi ukingo wa pili. Mzunguko mmoja kilomita saba.

Fundi_wa_Misuli
Basi nimeshakuona. Tuta ni tambarare kwa urefu, kwa upana si tambarare. Njia imelala kuelekea majini, pikipiki za magunia zimeikandamiza, mvua imemalizia. Mguu wako wa kulia uko chini kidogo kuliko wa kushoto, kwenda na kurudi, kila siku, mwaka mzima. Kuna ukanda mgumu unaoshuka ubavuni mwa paja kutoka nyonga hadi chini ya goti. Huo ndio unaovutwa na kusuguliwa. Na ubaya wa njia isiyo na mwinuko ni huo huo unaousifia: hakuna mahali hatua inabadilika, misuli ile ile inapigwa maelfu ya mara. Mtu wa milimani akipanda anatumia makalio, akishuka anatumia mapaja, kila mmoja anapata zamu ya kupumzika.

Pumzika siku nne au tano. Kisha anzia ukingo wa pili, maji yawe kushoto, kilomita chache tu, na ukimbie katikati ya njia, si pembeni. Likiuma, simama hapo hapo, usilazimishe. Na nirudishie jibu la tatu. Jambo gani la kifamilia linapimwa kwa kilomita 21?

Mama_Zaituni_Malaba
Hapo ndipo na mimi nimesimama. Mwanaume hakosi usingizi kwa sababu ya goti.

Mpunga_Mbichi
Sawa. Kulikuwa na maneno na shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu. Kwenye matanga alisema mimi nakimbia kama mama mjamzito. Nikamwambia naweza kumaliza 21 chini ya saa mbili. Akacheka mbele ya watu. Tukaandikishana, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akashuhudia. Nikiweza, ananipa milioni moja na nusu. Nikishindwa, natoa mtamba. Nitapimwa kwa simu, yeye atafuata na pikipiki. Ndiyo maana nataka tambarare. Si kamari, ni heshima.

Mama_Zaituni_Malaba
Ni kamari, mwanangu. Kuiita heshima hakuifanyi halali. Marehemu mume wangu aliweka dau la redio kwenye mpira, tukakaa miaka miwili bila taarifa ya habari. Na huyo mtamba ni wa nani? Maana sijaona ukisema "mtamba wangu".

Mpunga_Mbichi
Ni wa nyumbani.

Mama_Zaituni_Malaba
Wa nyumbani kwa nani?

Mpunga_Mbichi
Yuko zizini kwa mama. Ni mtoto wa yule ng'ombe aliyeletwa na shemeji wakati wa mahari. Lakini si yule wa mahari mwenyewe! Ni mtoto wake. Na mimi ndiye niliyemlisha tangu azaliwe, dawa ya kupe nanunua mimi. Mama hajui bado, nitamwambia nikishashinda. Karatasi imeshasainiwa, haiwezi kurudi nyuma.

Damu_ya_Sebei
Subiri. Umeweka dau ng'ombe wa mahari ya dada yako, dhidi ya mwanaume aliyemtoa?? Hata mimi nimeacha kucheka.

Jirani_wa_Tororo
Kaka, kwetu ng'ombe akirudi kwa mkwe, watu hawaulizi kuhusu kukimbia. Wanauliza dada ana kosa gani. Atafika kisimani atasikia ameachika kabla hajaambiwa. Najua utasema sheria. Ni kweli, kesi ya shirika la Mifumi ilifika Mahakama ya Juu, mwaka 2015 ikasemwa kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Lakini hapa hakuna aliyedai, wewe mwenyewe ndiye unayempelekea ng'ombe kwa kamba. Dada yangu aliwahi kurudi nyumbani kwa sababu ya mbuzi wawili na baiskeli, na hiyo baiskeli haikuwa hata na breki, tulikaa vikao vitatu

Mpunga_Mbichi
Nimesema ni mtoto wa ng'ombe, jamani.

Mpima_Maneno
Nimekaa kimya nasoma. Huu uzi ni wa kutunga. Unasema unatoka saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ni giza. Halafu unaona wanawake wanaanika mpunga na watoto wanafukuza ndege. Ndege gani anakula mpunga gizani? Mwanamke gani anaanika kabla ya jua? Mwaka jana kulikuwa na hadithi kama hii humu humu, shemeji alikuwa wa Soroti na dau lilikuwa pikipiki. Mwandishi ni yule yule, amebadilisha mnyama.

Kando_ya_Njeru
Hata mimi lile lango la maji lililokaa kilomita tatu na nusu kamili lilinitia shaka.

Baridi_ya_Leicester
Kama ni ya kutunga, mimi nirudishiwe bata wangu.

Mpunga_Mbichi
Mnaniita mwongo? Natoka saa kumi na moja ni giza, ndiyo. Lakini mwezi uliopita kabla ya goti nilikuwa nafanya mizunguko mitatu, namaliza saa moja na robo. Jua limeshatoka zamani! Mzunguko wa mwisho ndio nakutana na akina mama, inabidi niruke maturubai yao, wananitukana kwa Kinyole. Hesabuni wenyewe.

Mpima_Maneno
Nimehesabu. Kumi na moja mpaka moja na robo ni saa mbili na dakika kumi na tano.

Fundi_wa_Misuli
Aisee.

Damu_ya_Sebei
Dakika kumi na tano juu! Na hapo ulikuwa mzima! Chini ya saa mbili ni dakika 5 na sekunde 42 kwa kila kilomita. Wewe unakwenda 6 na sekunde 26. Huyo mtamba ameshafungwa kamba.

Mpunga_Mbichi
Siku ya siku mtu hupata nguvu. Na kuruka maturubai kunapoteza muda. Na tope. Udongo wa kule ukilowa unabeba kiatu kizima, unakimbia na kilo moja kila mguu. Ndiyo maana nilikuwa naulizia Jinja!

Mpima_Maneno
Sawa, naondoa neno. Mtu anayetunga hadithi angejipa saa moja na dakika hamsini na nane.

Fundi_wa_Misuli
Wiki tatu haziondoi dakika kumi na tano, hata ukikimbia juu ya kioo. Mwombe shemeji miezi minne. Mwambie goti, si uongo.

Mama_Zaituni_Malaba
Na mama aambiwe leo. Leo, si ukishashinda.

Mpunga_Mbichi (siku sita baadaye)
Nimepumzika siku tano kama nilivyoambiwa. Leo nimeanzia ukingo wa pili, maji kushoto, katikati ya njia. Goti limekaa kimya mpaka kilomita ya 9, nikasimama mwenyewe. Wale watoto wa ndege waliponiona natokea upande mwingine mmoja akashusha kombeo akaniuliza, "Mzee, leo umepotea?" Kuhusu miezi minne, shemeji amesema atafikiria. Mama nimemwambia nusu.

Mama_Zaituni_Malaba
Nusu ipi?

Mpima_Maneno
Na hizo kilomita 9, dakika ngapi?