SBCL inasema package QL haipo nikirun kwa terminal

koda_wa_kondele: Wasee wa Lisp, nikiandika sbcl (programu ya kurun code ya Lisp) inafunguka poa na Quicklisp (ya kuleta library, package yake inaitwa QL) iko, lakini nikirun sbcl --script hesabu.lisp inasema package QL haipo, alafu nikiwa ndani ya sbcl nikikosea kitu ile nyota (*) ya kuandikia inapotea naona 0] na sijui kutoka, huwa nafunga terminal yote. Laptop ni ya ram 4GB.

mabano_nakuru: Pole. --script huwa hairead ~/.sbclrc (file ya settings ya sbcl) kabisa, na Quicklisp inaitwa kutoka huko, ndio maana inakosekana. Jaribu:

sbcl --non-interactive --load hesabu.lisp

Hiyo inasoma .sbclrc na ikimaliza inajifunga yenyewe.

msee_wa_kakamega: Hiyo 0] ni debugger bana, mahali sbcl inasimama kukiwa na kosa, usifunge terminal, bonyeza Ctrl-D utarudi kwa nyota, bonyeza tena unatoka, ama andika tu (exit). Na juu ram ni kidogo ongeza --dynamic-space-size 1024, hiyo ni kikomo cha memory ya Lisp kwa megabaiti, lakini lazima itangulie --non-interactive na --load, mimi nilihangaika nayo jioni nzima nikiwa nimeiweka mwisho.

koda_wa_kondele: Imekubali! Asanteni sana, nimeona majibu yote mpaka mwisho na imejifunga vizuri.