Naomba ushauri: doti nyekundu au tritiamu kwa bastola ya kujilinda nyumbani?

MkaziWaHouston
Wakuu, heshima kwenu. Ninaishi Houston, jimbo la Texas, nina umri wa miaka 56, na nina bastola aina ya Glock 19 ambayo huiweka chumbani kwa ajili ya kujilinda. Ni ile ya MOS, ambayo sehemu yake ya juu imechongwa kiwandani ili iweze kufungwa kioo cha doti nyekundu, yaani kioo kidogo cha betri kinachokuonyesha nukta ya kulengea. Alama zake za kulengea ni zile za plastiki zilizokuja nayo: kitone cheupe mbele, na nyuma mchoro mweupe wenye umbo la U. Mchana ninaziona kwa taabu, na usiku ni kama hazipo kabisa. Nimebaki na mambo matatu ya kuchagua: doti nyekundu, alama za tritiamu zinazong'aa gizani, au leza. Ninaishi peke yangu, kwa hiyo hakuna mtu mwingine atakayeitumia. Naomba mnisaidie mapema, kwa sababu tangu mwezi uliopita sipati usingizi.

FundiShabaha
Mkuu, kwa umri wako taabu hiyo ni ya kawaida. Alama za plastiki zinalitaka jicho lako lishughulikie vitu vitatu vilivyo umbali tofauti: alama ya nyuma, alama ya mbele na mtu unayemlenga, na baada ya miaka 45 hivi jicho haliwezi tena kuivuta alama ya mbele ikaonekana vizuri. Doti inaondoa tatizo hilo, kwa sababu unamtazama unayemlenga huku macho yote mawili yakiwa wazi, na nukta inakaa juu yake. Kabla ya kununua, washa doti dukani uitazame. Ukiona nyota yenye mikia badala ya nukta, ipige picha kwa simu. Picha ikionyesha nukta safi, basi kioo ni kizima na jicho lako ndilo lenye hitilafu, na hapo tritiamu itakufaa zaidi. Tritiamu haihitaji betri, ila mng'ao wake hupungua hadi nusu baada ya miaka 12 hivi. Leza iache. Inakuzoesha kuitafuta nukta ukutani wakati macho yanapaswa kuwa kwa mtu.

MzeeWaMeru
Hapa Arusha mimi ninamiliki bastola kwa leseni, na tangu ije Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nimekuwa mwangalifu sana na kila karatasi inayohusiana nayo. Alama zangu ni zile za kiwandani, chuma kitupu kisicho na rangi. Marehemu kaka yangu, aliyekuwa askari wa wanyamapori, aliipaka alama ya mbele ya bunduki yake rangi nyeupe ya kucha aliyoiazima kwa mkewe, na akaitumia hivyo hadi alipostaafu. Nisemalo ni kwamba usitumie mamia ya dola kabla hujajaribu chupa moja ya rangi, ukapaka ya mbele peke yake na kuifuta ile nyeupe ya nyuma, ili jicho liwe na kitu kimoja tu cha kutafuta.

BiMwanahawa
Wanangu, mbona hamjamuuliza mwenzenu kuhusu mlango, komeo na taa ya nje? Kwetu Tanga mama alifuga bata bukini, na hakuna mwizi aliyewahi kuufikia ukuta wa nyumba yetu bila mtaa mzima kuamka. Mtu aliyefikia kulala na bastola kando ya mto amekwisha kuruka hatua nyingi, na kila hatua aliyoiruka ingempa nafasi ya kutomuua mtu.

FundiShabaha
Bi Mwanahawa amelisogelea jambo ninalotaka kuuliza. MkaziWaHouston, umesema hulali tangu mwezi uliopita. Ni nini kilitokea?

MkaziWaHouston
Ninawashukuru wote. Kilichotokea hakihusiani sana na swali langu, lakini kwa kuwa nimeulizwa nitasema. Usiku mmoja nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Nilichukua bastola, nikasimama mwanzo wa korido, na mwishoni kukawa na mtu amesimama, amevaa kofia ya sweta kichwani. Nililenga. Alama sikuziona hata moja. Alikuwa mtoto wa dada yangu, ametoka maktaba ya chuo. Aliniita “Mjomba” nikaishusha. Ndiyo maana ninataka alama ninazoweza kuziona. Na niseme wazi kwamba doti nimekwisha kuilipia, na fundi wa duka ameniandalia bamba la kuifungia. Nilitaka tu kusikia kwamba sikuchagua vibaya.

MsomajiMkimya
Wakuu, hii ni chai. Katika bandiko la kwanza bwana huyu anaishi peke yake. Sasa ana mpwa mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma. Alikuwa anachagua kati ya vitu vitatu. Sasa kimoja amekwisha kukilipia. Tena anatuambia kwamba mtu aliyekaribia kumuua mpwa wake anakuja kuuliza bei ya vioo! Ninaona tunachezewa na mtu anayetafuta wachangiaji, na ninaomba uzi huu ufungwe.

MzeeWaMeru
Hata mimi nimeshtuka kidogo. Ile “peke yangu” ilisemwa kwa uhakika sana.

MkaziWaHouston
Sikutunga. Kijana yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, na niliogopa kumwingiza katika mazungumzo ya silaha mbele ya watu nisiowajua. Alipofika nilikwisha kuzoea kuishi peke yangu, na kazi zetu hazikutani: mimi hulala mapema, yeye hurudi usiku wa manane. Ninyi mnaodhani ningenyamaza kama jambo hili lingekuwa la kweli, jueni kwamba sijamwambia hata dada yangu. Na bado ninashikilia kwamba ningekuwa na doti usiku ule ningekuwa na utulivu zaidi, kwa sababu hofu yangu ilikuja nilipoona giza tupu juu ya bastola.

FundiShabaha
Mimi ninakuamini, na ndiyo sababu nitasema bila kuzunguka. Ungekuwa na doti usiku ule, ungeiweka nukta safi katikati ya kifua cha mpwa wako. Doti na tritiamu vinakuonyesha risasi itakwenda wapi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuonyesha ni nani amesimama pale. Kitu ulichokosa koridoni ni mwanga. Nunua tochi ya mkononi yenye nguvu, wala usianze na ile inayofungwa chini ya mtutu, kwa sababu hiyo inakulazimisha kumwelekezea mtu bastola ili uuone uso wake. Tochi ishikwe mkono wa kushoto, bastola ibaki imeelekea sakafuni na kidole kikiwa nje ya kifyatulio, kisha uulize kwa sauti, “Nani?” Mpwa wako alilazimika kukuita kwa sababu wewe hukumuuliza.

Sasa kuhusu viza. Sheria ya shirikisho ya Marekani inawakataza wengi wenye viza za muda, wakiwamo wanafunzi, kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Texas kuruhusu tangu Septemba 2021 watu wazima wengi kubeba bastola bila kibali hakubadilishi jambo hilo. Wewe kuwa nayo si kosa, lakini droo isiyo na kufuli chini ya paa moja naye inaweza kumletea mashaka ambayo hakuyatafuta. Iweke katika kisanduku cha chuma cha vitufe, kilichofungwa kwa boliti kando ya kitanda, na namba uzijue wewe peke yako.

BiMwanahawa
Na mwambie dada yako, baba. Mtoto ni wake.

MkaziWaHouston
Nimesikia. Doti sitairudisha, kwa sababu alama za plastiki siwezi kuziona hata mchana uwanjani, na niliipiga picha dukani nukta ikatoka safi kama ninavyoiona kwa jicho. Tochi na kisanduku nimeviagiza leo. Kijana amekubali kunipigia simu akiwa bado kwenye maegesho, na taa ya korido itakuwa ikiwaka usiku kucha. Dada nitampigia Jumapili. Naomba jambo moja la mwisho: niirekebishe doti kwa umbali gani?

FundiShabaha
Anza kwa mita 10, ukiwa umekaa na mikono imeegemezwa, hadi risasi zote zitue pamoja mahali ilipo nukta. Kumbuka kioo kinakaa juu ya mtutu, kwa hiyo ukiwa karibu sana, mita mbili au tatu, risasi itapiga chini ya nukta kwa sentimita mbili au zaidi. Skrubu zitiwe gundi ya nyuzi, ile inayozizuia zisilegee, na uzichore mstari wa rangi ili uone zikilegea, na betri ibadilishwe kila mwaka hata kama nukta bado inawaka.

MsomajiMkimya
Ukipokea kisanduku, weka picha kikiwa kimefungwa kwa boliti. Nikiiona, nitaliondoa ombi langu la kufungwa kwa uzi.