Naombeni ushauri: nataka kwenda nje kukatwa ngozi ya mikono inayoning'inia, nitegemee nini hasa?

BintiKondoa

Habarini za jioni wapendwa. Nipo Dodoma mjini, mama wa watoto wawili, miaka 37. Nilikuwa na kilo 121, saa hizi nina 76, nimepungua kwa kubadilisha msosi na kupanda mlima Mlimwa alfajiri na akina dada wa mtaani, presha imeshuka sukari imekaa sawa namshukuru Mungu sana. Kilichobaki ni mikono. Ngozi ya huku juu kuanzia kwapani mpaka kiwiko inaning'inia, nikipunga mkono inacheza, na joto la hapa likifika Oktoba inasugua mpaka kwapani kunachubuka. Nguo ya mikono mifupi sijavaa miaka, kazini Mtumba nashinda na koti jua linawaka.

Sasa nimeongea na mawakala wawili wa mtandaoni, mmoja anapeleka watu Istanbul mwingine India. Huyu wa Istanbul kanitumia picha za kabla na baada, bei ya jumla na hoteli ndani yake, anasema siku ya tano napanda ndege na wiki inayofuata nipo ofisini. Mume wangu hajakataa ila ananiuliza maswali sina majibu. Naomba aliyepitia au mtaalamu anieleze ukweli, maumivu yakoje, kovu linakuaje kwenye ngozi yetu nyeusi, nikae huko muda gani, na nikisharudi Dodoma nani ataniangalia? Na naombeni tusiambiane "jikubali ulivyo", nimeshajikubali, ninachotaka ni kujua.

Chuma_cha_Chang'ombe

Dada hongera kwa kupungua, hiyo siyo kazi ndogo. Ila kwa nini usijaribu mazoezi ya mikono kwanza, pushapu na vyuma vidogo miezi sita hivi, nyama uzembe zinaisha kabisa bila kisu wala viza.

MamaZabibu

Kaka nyama uzembe na ngozi iliyolegea ni vitu viwili. Mafuta yanayeyuka kwa mazoezi, ngozi ikishavutika kwa miaka hairudi, unajaza msuli chini yake na yenyewe bado inaning'inia pale pale. Mimi nilipiga vyuma mpaka mwalimu wa gym akaniambia mwenyewe mama hapa huna mafuta tena.

BintiKondoa mdogo wangu, mimi nilifanyiwa India, hospitali siitaji. Nikueleze ilivyokuwa maana wakala hawezi kukueleza.

Inaitwa brakioplasti. Walinirudia vipimo vyote hata nilivyokwenda navyo, wingi wa damu, sukari, moyo, ujauzito, na wakaniuliza dawa zote ninazokunywa mpaka za mitishamba. Asubuhi ya oparesheni dokta akanichora mistari kwa kalamu nikiwa nimesimama nimenyanyua mikono, maana ukilala ngozi inahama. Nikapigwa nusu kaputi, kazi yenyewe ni kama masaa mawili au matatu, wanakata ngozi iliyozidi na mafuta ya chini yake wanashona. Kovu linakaa upande wa ndani wa mkono kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko. Hapo uelewe vizuri mdogo wangu, ni mstari mrefu na mikono yote miwili. Wenye ngozi kidogo wanaweza kukatwa kwapani tu lakini kwa kilo ulizopungua wewe sidhani kama watakuambia hivyo, na wengine ngozi imeshuka mpaka ubavuni kwa hiyo mkato unashuka nao.

Nilipoamka nilikuwa na mpira mdogo kila mkono wa kutolea maji na damu, siyo kila daktari anaweka, ukatolewa baada ya siku chache. Maumivu ya kidonda dawa zilikuwa zinayashika, kilichonisumbua zaidi ni kukazwa, unahisi umevaa ngozi ya mtu mwembamba kuliko wewe, na vidole vinavimba kwa hiyo pete zivue uziache nyumbani. Unalala chali mikono juu ya mito. Kunyanyua mkono juu ya bega huwezi, kujifunga sidiria huwezi, kuchana nywele huwezi, chooni mtu akusaidie mwanzoni hiyo sikufichi. Kwa hiyo usiende peke yako. Mimi nilikwenda na dada yangu, India wana viza ya matibabu na kuna ya mtu anayemsindikiza mgonjwa, hospitali ndiyo inakuandikia barua ya kuombea.

Alafu zile nguo za mikono za kubana, utavaa usiku na mchana wiki nne mpaka sita. Kwa joto la Dodoma nakusihi usipange oparesheni ya kurudi mwezi wa kumi au kumi na moja, panga urudi Juni au Julai kuna baridi, utanishukuru. Nunua jozi mbili moja ifuliwe nyingine umevaa.

Kwapani ndiko kulikonisumbua, mshono wa mkono mmoja ulifumuka kidogo nikiwa nimesharudi nyumbani, pale pana jasho na ngozi inavutwa kila ukijigeuza. Ulifunga kwa kusafishwa na kufungwa vizuri lakini ulinichelewesha sana. Na sehemu ya ndani chini ya kiwiko mpaka leo ina ganzi, naigusa nahisi kwa mbali. Pamoja na hayo navaa dera bila ushungi begani na nina furaha nalo.

SistaWaZamuZaUsiku

Mimi ni nesi, wodi ya upasuaji, hapa hapa Dodoma. MamaZabibu ameeleza vizuri, hiyo ganzi inatokana na mishipa midogo ya fahamu inayopita pale pale panapokatwa, kwa wengi inarudi taratibu kwa wengine haiishi yote.

Mimi nisemee hiyo siku ya tano. Oparesheni yenyewe inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye miguu, na kukaa kwenye ndege masaa mengi bila kutembea kunaongeza tena, donge likikatika likaenda kwenye mapafu linaua. NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, inawaambia wanaokwenda nje kufanya upasuaji wa urembo wasubiri siku 5 mpaka 7 kwa matiti au kunyonywa mafuta na siku 7 mpaka 10 kwa uso au tumbo, na huo ni muda wa chini kabisa kwa mtu ambaye kila kitu kimekwenda sawa. Kwa mkato mrefu hivyo kaa wiki mbili, maana madhara mengi ya mwanzo kama damu kuvilia ndani, maji kujaa chini ya ngozi, mshono kuachia, yanajionyesha ndani ya muda huo na unataka yakukute karibu na aliyekushona. Kama unatumia vidonge vya majira mwambie daktari mapema kabisa maana navyo vinaongeza kuganda kwa damu, na kama kwenu kuna mtu amewahi kupata hilo tatizo mwambie pia. Sigara kama kuna anayevuta asome hapa, inaacha kidonda kinakufa kingo, daktari makini atakutaka uwe umeacha wiki kadhaa kabla.

Lingine ambalo huwa linaniumiza roho. Wanarudi hawana karatasi. Mtu anakuja na usaha, tunamuuliza uzi gani umetumika, ulipewa antibayotiki gani, anatuonyesha picha za hoteli kwenye simu. Jamani daini ripoti ya oparesheni kwa Kiingereza kabla ya kutoka hospitali, kwa Uturuki sisitiza kabisa maana nyingine zinaandikwa Kituruki, iwe na aina ya oparesheni, dawa zote, nyuzi zitolewe lini, na namba ya daktari siyo ya wakala. Kuna vijidudu vya jamii moja na vya kifua kikuu ambavyo vinaingia kwenye kidonda kama vifaa au maji havikuwa safi, vinakaa kimya wiki au miezi ndipo vinatokea vinundu vinavyotoa maji, na antibayotiki za kawaida havisikii. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wameshatoa taarifa za wagonjwa wa namna hiyo waliofanyiwa urembo Jamhuri ya Dominika. Na mwaka 2023 kuna waliokwenda Matamoros kule Mexico wakachomwa ganzi ya mgongoni kwenye kliniki za urembo wakapata fangasi kwenye utando wa ubongo, wengine walifariki. Sisemi kila nchi iko hivyo, India na Uturuki kuna hospitali nzuri mno, nasema daktari wa Dodoma hawezi kuotea kitu kama hujamwambia ulikatwa wapi na lini.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi nenda kaonane na daktari wa upasuaji hapa, Benjamin Mkapa au Hospitali ya Mkoa, mwambie mpango wako wazi, umuulize nikirudi utanipokea? Akikubali una mtu. Usiogope kugombezwa.

Nala_Kwa_Juu

Kwani lazima nje? Muhimbili Mloganzila wanafanya upasuaji rekebishi, na wale wa puto la tumboni la kupunguza uzito wako pale pale. Kutoka Dodoma unapanda treni ya umeme unashuka Dar asubuhi hiyo hiyo, ukipata tatizo unarudi kwa aliyekushona bila viza. Mimi ningeanzia pale angalau wanione waniambie bei alafu ndiyo nilinganishe na hao wa Istanbul. Na kumbuka bima haiingii kwenye mambo ya urembo, iwe Dar iwe nje ni mfukoni kwako, na matatizo yakitokea ni mfukoni kwako vile vile, kwa hiyo tenga hela ya pembeni usiimalize yote kwenye paketi.

BintiKondoa

Asanteni sana sana, nimesoma mara mbili na mume wangu tumesoma wote. Sista naomba uniambie hili, nina kovu la chanjo begani limevimba tangu utotoni, na sikio moja nililotoboa lilitoa kinundu nikakiacha. Wakala sijamwambia maana hakuuliza. Hilo lina shida?

SistaWaZamuZaUsiku

Lina shida tena ndilo la kwanza, afadhali umeuliza. Hiyo inasikika kama keloidi, kovu linalokua kupita mpaka wa kidonda chenyewe, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi. Begani, kifuani na masikioni ni sehemu zake. Haimaanishi mkono lazima utoe, mtu anaweza kuwa nayo sikioni na akashonwa kwingine pasitokee kitu, lakini ukishatoa mara mbili kwenye mwili wako hatari yako siyo sawa na ya MamaZabibu. Ikitokea kwenye mstari mrefu hivyo inawasha, inauma, inavutana na kwapa, na ukiikata bila tiba nyingine mara nyingi inarudi kubwa zaidi. Kuna sindano za steroidi za kuchoma ndani ya kovu, kuna plasta za silikoni, kuna kubana, lakini ni safari ya miezi na inataka daktari aliye karibu nawe, huwezi kupanda ndege kila mwezi kwenda Istanbul kuchomwa sindano.

Muone daktari wa ngozi kwanza akushike hilo bega na hilo sikio. Alafu daktari wa upasuaji yeyote utakayemchagua mtumie picha za hayo makovu. Akikujibu "hakuna shida njoo" bila kuuliza kingine, huyo mwache. Kovu la kawaida tu lenyewe linakuwa jeusi na gumu miezi ya mwanzo, linatulia kati ya mwaka na mwaka na nusu, kwa hiyo picha za miezi mitatu wanazokutumia hazikuonyeshi mwisho.

MtuWaMakole

Na muulize wakala jina la daktari. Jina siyo hospitali. India daktari wa upasuaji rekebishi mara nyingi anakuwa na MCh ya plastiki, yaani shahada ya juu ya upasuaji huo, na yupo kwenye rejista ya madaktari wao, kuna chama cha dunia cha madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS, unaweza kutafuta jina kwenye tovuti yao, na Uturuki hospitali na wakala wote wawili wanatakiwa wawe na kibali cha wizara ya afya ya kule kuhudumia wageni. Uliza nani anakupa nusu kaputi, kuna ICU jengo hilo hilo, na mshono ukiachia nani analipa. Omba kuongea na daktari mwenyewe kwa video kabla hujatuma hata shilingi.

BintiKondoa

Nirudishe majibu wapendwa. Nimemuuliza wa Istanbul jina la daktari, akasema "ni timu ya madaktari bingwa" na kwamba ofa inaisha Ijumaa. Nikauliza tena, akanitumia picha zingine. Nimemwambia basi. Wa India alinipa jina siku hiyo hiyo na nimelikuta kwenye rejista, daktari ameomba picha za kovu na ameniuliza uzito unashuka bado? Nikamwambia ndiyo kama kilo moja na kidogo kila mwezi, akasema nisubiri mpaka uzito ukae mahali pamoja angalau miezi sita maana akinikata sasa ngozi italegea tena. Daktari wa ngozi namuona wiki ijayo, na Mloganzila nitapita nikienda Dar. Kwa hiyo mwaka huu sikatwi. Mume wangu amefurahi, mimi nusu nusu, nilishajiona na gauni la harusi ya mdogo wangu.

MamaZabibu

Gauni lishonwe na mikono ya leso nyepesi, nina fundi Majengo soko la juu anazishona vizuri nitakupa namba yake inboksi. Na ukitaka kuliona kovu langu kwa macho yako njoo nyumbani tukae, uliguse, usiamini picha hata zangu. Zamu yako ikifika suka nywele za kukaa mwezi mzima kabla hujasafiri, nunua magauni ya vifungo mbele, na tafuta dada wa kukaa nyumbani wiki sita kamili, kusonga ugali, kufua, kunyanyua ndoo, kumbeba mtoto, kushika bomba la juu kwenye daladala, vyote hivyo huvigusi hata ukijisikia mzima.

SistaWaZamuZaUsiku

Wiki sita, niko na MamaZabibu. Na tukutane ukishamuona wa ngozi, leta majibu hapa hapa.