Msiba wa ng'ambo ya lambo

Mama Kulwa: Shikamooni. Bibi yake Nyanzobe, yule wa ng'ambo ya lambo, ametutoka usiku. Kuzika kesho saa nane.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Poleni sana. Jumapili tu nimempita kakaa nje anapeta mtama.

Masanja: Yule wa macho mekundu? Tulikuwa tukimwona ni mbio tu 😂

Shangazi: Masanja, kuna msiba.

Masanja: Samahani shangazi.

Mwalimu: Macho yale ni moshi, si uchawi, jamani. Kishapu kuni zingetoka wapi? Mkoloni alifyeka mapori kuondoa mbung'o, sisi tukamalizia kwa pamba. Hadi HASHI, ule mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, inakuja 1986, wanawake wengi walikuwa wakipikia mavi ya ng'ombe. Kaa na moshi ule miaka hamsini uone kama hayatakuwa mekundu.

Masanja: Mwalimu hujastaafu bado 😅

Mama Kulwa: Nina jambo. Naombeni msinikatize.

Mama Kulwa: Mnamkumbuka ndama wa babu aliyeliwa na fisi? Aliyeacha lango la zizi wazi ni mimi. Nilipobanwa nikasema nilimwona bibi yule kasimama zizini usiku.

Shangazi: Unasema??

Mama Kulwa: Nilikuwa na miaka 9 shangazi. Niliogopa fimbo.

Mwalimu: Na fisi kwetu si mnyama, ni kipando cha mchawi. Wakaenda kwa mganga, ramli ikamwangukia yeye.

Shangazi: Wale watu walihama usiku, kuku mkononi! Miaka sita ndo wakarudi.

Mama Kulwa: Na Nyanzobe ndiye alikuwa rafiki yangu. Kabla hawajahama aliniletea shuleni michembe ya bibi yake, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikaimwaga chini, wenzetu wanatazama. Akaokota kimoja kimoja, anafutia vumbi kwenye sketi.

Masanja: Dada, yeye anajua habari ya zizi?

Mama Kulwa: Nilimwambia mwaka jana. Akakata simu. Miezi minne hapokei. Leo saa kumi alfajiri kanipigia, hata wajomba zake walikuwa hawajaambiwa.

Shangazi: Akasemaje?

Mama Kulwa: "Njoo na sufuria kubwa."

Shangazi: Pitia ile yangu ya harusini. Masanja, wewe jembe.

Masanja: Sawa shangazi. Kumi na mbili nipo kaburini.