Amenusa noti yangu mbele ya watu wote, kisha AKAIWEKA MFUKONI!!!

Mama_wa_Kituku (amefungua uzi)

Mnamujua. Sitaji jina, ju nikilitaja tu ataongeza wafuasi elfu moja usiku huu. Yule wa viatu vyeupe. Yule wa picha ameegemea gari, kila wiki gari lingine, na hakuna siku hata moja umeona amefungua mlango wake. Yule anayetuma sauti ndani ya vikundi saa kumi za alfajiri: "Tajiri amekwisha kuamka, wewe bado unakoroma!" Baba, saa kumi mimi niko Kituku, soko la samaki la hapa Goma, miguu ndani ya maji, nangoja wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu, warudi na mataa yao. Wewe njo uko chini ya blanketi. Sauti inasikika!

Nimetoka kwa konferansi yake ya kufundisha utajiri sasa hivi. Bado nimevaa kikwembe cha harusi. Mikono inatetemeka, mtasamehe maandishi.

Kuingia, dola 20. Nikatoa noti ya 20, safi, ila pembeni iko na kachaniko kembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Kijana wa mlangoni akaipandisha kwa mwanga, akaigeuza, akaipiga kidole, akanirudishia. "Mama, hii haipite." Nikamwambia, mtoto wangu, benki za Goma zilifungwa Januari 2025, unataka nikaibadilishe wapi, kwa volkano Nyiragongo? Akasema ngoja niulize. Akaenda nayo mpaka mbele.

Na bwana mkubwa akaipokea. Na mikro ilikuwa mkononi. Na ilikuwa inawaka.

"Hii noti ni ya nani?"

Nikanyoosha mkono. Nilidhani atasema mama apite tu.

"Mama, unafanyaka kazi gani?"

"Nauza sambaza."

Akaleta noti kwenye pua. KWENYE PUA. Akavuta pumzi. Akafumba macho. Akasema, "Ndiyo maana!"

Ukumbi ulicheka mpaka klima karibu idondoke. Kuna papa mmoja wa kiti cha mbele walimletea maji. Na yeye akangoja kicheko kiishe, maana amezoea, ndipo akasema polepole: "Mwenye mawazo yaliyopasuka hushika pesa iliyopasuka." Na watu WAKAANDIKA! Walitoa makaye wakaandika! Jirani yangu akaniinamia akauliza, "Amesema iliyopasuka ao iliyochanika?" Hakutaka kukosea.

Kisha akakunja noti yangu mara mbili, akaiingiza ndani ya vesti. Mfuko wa ndani.

Nielezeni mimi mwenye mawazo yaliyopasuka. Kama inanuka, inafanya nini kifuani pako? Kama haipite mlangoni, imepita namna gani mfukoni?

Na mafundisho yenyewe! "Mgeukie jirani yako, mwambie: wewe ni milionea." Nikamwambia. Akaniambia. Tulipotoka, milionea akaniomba franka za motari. Tena eti sisi wa Goma tunapenda visingizio, hatujui kuanza kutoka sifuri. SISI! Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilipita katikati ya mji ikala maduka, na watu walijenga juu ya mawe yakiwa bado ya moto. Tarehe 22 Mei 2021 ikarudi. Hapa kazi ya kusukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, tumeijengea sanamu kwenye rond-point. Mtu aliyelala hoteli ya kuona ziwa, akila sambaza, NDIYO SAMBAZA, ndiye anakuja kutufundisha sifuri?

Alinusa jamani. Mbele ya watu. Mama mzima kama mimi.

Nani mwingine amepigwa na huyu? Na noti yangu naipata namna gani?

Chukudu_Bila_Breki

Pole sana mama. Ila nisaidie kidogo, ili nielewe uzito wa kesi: alinusa na tundu moja ao yote mawili?

Mwana_wa_Birere

Hahahaha "ao iliyochanika". Mimi ningeomba nikae karibu na huyo jirani kila siku ya maisha yangu.

Mama_wa_Kituku

@Chukudu_Bila_Breki yote mawili. Na usinitanie, niko na hasira.

Nidhamu_Kwanza

Mama, kwa heshima yote, somo hukulielewa. Alikuvunja ili akujenge. Watu wanalipa pesa nyingi ili waitwe mbele na mwalimu, wewe umeitwa bure. Mimi niko ndani ya kikundi chake cha VIP na maisha yangu yamebadilika kabisa.

Fundi_wa_Katindo

@Nidhamu_Kwanza yamebadilika wapi? Bado uko na deni langu la skrini ya simu.

Nidhamu_Kwanza

Hayo tuongee pembeni. Na hiyo njo akili ya ukosefu: unaona dola 15, huoni mahusiano.

Fundi_wa_Katindo

Naona dola 15.

Mwana_wa_Birere

Hakuitwa bure bwana, amelipa 20! Tena yenye harufu!

Hesabu_Haidanganyi

Mimi nilipita kwa huyo (ao ndugu yake, wote wanasema kitu kimoja). Njia iko hivi. Kwanza kikundi cha bure, sauti za alfajiri, misemo. Kisha kikundi cha bure "kinafungwa kesho", na hakifungwe hata siku moja. Kisha konferansi ya 20. Ndani ya konferansi unaambiwa siri yenyewe haiwezi kusemwa hapa, iko kwa mafunzo ya 100. Unalipa 100, unafundishwa namna ya kufungua kikundi chako na wewe uuzishe mafunzo. Sasa uliza: biashara yake ni gani, toa kutuuzishia habari za biashara? Duka lake liko kwa avenyu gani? Nani amenunua kitu kwake chenye kushikika?

Na mifano yao sasa. Lazima atoke Jeff Bezos wa Amazon na gereji. Wazazi wake walimwekea karibu dola 245,000 mwaka 1995, hiyo haisemwe. Lazima atoke mzee wa kuku wa Kentucky, eti alikataliwa mara 1,009. Nani alikuwa anahesabu? Yule mzee Harland Sanders alikuwa na restora yake kule Corbin miaka na miaka kabla ya kuzunguka na kuku. Kisha atamleta Robert Kiyosaki, yule wa vitabu vya utajiri, na hatakuambia kwamba kampuni moja ya Kiyosaki ilienda kortini kuomba kufilisika mwaka 2012.

Chukudu_Bila_Breki

Profesa, uliza swali fupi, kuna watu wana mega kidogo.

Papa_wa_Retreti

Watoto, nyinyi ni wa jana. Mwaka 1991, wakati wa Zaire, Kinshasa kulikuwa Bindo Promotion. Uliweka pesa yako, ulingoja, ulirudishiwa nyingi zaidi. Wa kwanza walirudishiwa kweli, tena walicheza ngoma barabarani. Shemeji yangu aliona ngoma akauzisha friji. Ilipoanguka alibaki na kamba ya friji, ju mnunuzi aliisahau. Hakukuwa na simu, hakukuwa na viatu vyeupe, na watu waliliwa vile vile.

Mwana_wa_Birere

Papa, kamba iko wapi leo?

Papa_wa_Retreti

Watoto wanaanikia nayo nguo.

Mama_wa_Kituku

Mnaongea Kinshasa, mnaongea Kentucky. Mimi naongea PUA! Mtu amevuta harufu ya kazi yangu mbele ya wakwe zangu! (Mke wa shemeji alikuwa kiti cha nyuma. Nilimuona anaandika.)

Lushi_Ndani

Salamu toka Lubumbashi. Mama, wewe ulinuswa, sisi tulifungiwa mlango. Wa kwetu alitangaza mafunzo ya kutajirika na madini, eti kila mtu atoke na mnunuzi wake wa kobalti. Watu walikuja mpaka kutoka Kolwezi. Kufika, moto wa umeme umekatika, mikro imekufa, analalamika eti roho ya umaskini imekamata ukumbi. Roho gani mukubwa, ni moto umekatika kama kila siku! Akasema tutaendelea kwa WhatsApp. Mpaka leo tunaendelea.

Nguba_Mpaka_Mwisho

Bukavu hapa. Swali la pembeni: mama anasema sambaza za Kituku. Hizo ni sambaza kweli ao ni zile nyembamba? Ju sambaza ni za huku kwetu.

Chukudu_Bila_Breki

Ziwa ni moja ndugu yangu! Sambaza iko na pasi ya kusafiria?

Nguba_Mpaka_Mwisho

Ziwa ni moja, mafuta ya kukaangia siyo moja. Njo ya ukweli.

Mama_wa_Kituku

@Nguba_Mpaka_Mwisho nitakushughulikia ukifika Goma. Zangu nyembamba?! Kwanza wewe na yule wa viatu mnajuana.

Kambisti_Mkweli

Mama, hiyo noti ungeniletea mimi mbadilisha pesa. Kachaniko ka pembeni, bila gundi, bila maandishi? Ningekupa 17 saa ile ile, bila kunusa.

Fundi_wa_Katindo

17!!! Huyu njo wa kufunguliwa uzi! Kachaniko kamoja unakata dola 3, halafu wewe unaipitisha kwa 20 kule ng'ambo ya barrière ya mpaka!

Kambisti_Mkweli

Nani kakuambia inapita kwa 20? Na mimi nakatwa. Benki hakuna, safari ya kuvuka ni pesa, na wanaikagua zaidi ya kijana wa mlangoni. Nyinyi wenyewe mnakataa franka zilizochoka za mama wa ndizi, halafu mnanilaumu mimi.

Mwana_wa_Birere

Na wale wa kutoa pesa kwa simu, wanavyokata? Unatoa 50, unafika nyumbani na hadithi.

Mama_Makala_Ndosho

Afadhali nyinyi mnakatwa. Baileri wangu, mwenye nyumba, anakataa kabisa. Noti ikiwa na alama ya kidole, anakataa. Ya dola moja moja, anakataa. Mwezi uliopita alileta MTOTO WAKE wa darasa la tatu akague noti, eti yeye macho yake yamechoka. Mtoto alikataa mbili.

Chukudu_Bila_Breki

Huyo mtoto apelekwe kwa konferansi awe mlangoni.

Nidhamu_Kwanza

Mnaona? Toka asubuhi mnalalamika tu. Mwalimu alisema, mwenye kulalamika anatajirisha nani?

Fundi_wa_Katindo

Mwenye kulipa skrini anatajirisha mimi.

Mama_wa_Kituku

Jamani uzi ni wa PUA YANGU, yaani pua yake, yaani noti yangu. Hakuna hata mmoja amejibu naipata namna gani!

Hesabu_Haidanganyi

Mama, ukweli? Amekwisha kuipitisha. Huyo hakubaki nayo hata mpaka jioni. Mtu wa mafunzo anajua kupitisha.

Kambisti_Mkweli

Kweli kabisa. Kuna bwana mmoja amepita hapa karibu na saa kumi na moja, noti ya 20, kachaniko pembeni, imekunjwa mara mbili. Nilimpa 18.

Mama_wa_Kituku

KUMI NA NANE????? Yeye umempa 18 na mimi unasema 17????

Kambisti_Mkweli

Alikuwa na viatu vyeupe, nilidhani ni mtu wa NGO.

Mwana_wa_Birere

Nimekufa. Mnizike Birere.

Nguba_Mpaka_Mwisho

Sasa kambisti, ilikuwa inanuka ao hainuki? Tumalize kesi ya mafuta.

Kambisti_Mkweli

Kazi yangu ni kuangalia, sinusake.

Lushi_Ndani

Tukirudi kwa baileri, huku kwetu wanaomba garanti ya nyumba ya miezi sita, tena kwa noti mpya tu. Goma ni mingapi?

Mama_Makala_Ndosho

Wangu aliomba mitatu, lakini maji hakuna, tunachota. Choo tunagawana na familia ya fundi mmoja wa simu.

Fundi_wa_Katindo

Mama Makala, nilikuambia usiseme mambo ya choo mtandaoni.

Lushi_Ndani

Ngoja, mitatu tu? Na huyo baileri hana nyumba nyingine? Ndugu yangu anahamia Goma mwezi ujao, anatafuta vyumba viwili, awe na moto.

Mama_Makala_Ndosho

Iko moja nyuma ya kwetu. Moto uko, wanalipia mbele. Ila mwambie kabisa noti zake zipitie kwa mtoto kwanza.

Lushi_Ndani

Mtoto anakuwaka nyumbani saa ngapi?

Mama_Makala_Ndosho

Saa saba, akitoka masomo. Siku ya mungu hakaguake.